Kalamu Isiyoficha Wino

Mgeni aliingia bila hodi, viatu vimejaa vumbi la saruji, akauliza kama hapa ndipo vyeti vinapoandikwa. Mke wake alihitimu ushonaji, akaeleza, ila jina lake lilirukwa kwenye orodha. Amejifungua juzi, hawezi kuja mwenyewe.

Dada Mwandiko, walivyomwita pale chuoni kwa hati yake nzuri, alipekua daftari la mitihani. Kweli, mama huyo alifaulu.

"Usiwe na wasiwasi, kaka. Nitamwandikia leo hii."

Ndipo akaitazama kalamu. Ilikuwa kalamu ya wino, mwili wake unaonyesha ndani kama glasi. Wenzake walimtania kwamba inatembea uchi. Yeye aliipendea hilo hilo: kuona wino wa buluu ukipanda na kushuka kila alipoiinamisha. Leo lilibaki tone moja nono karibu na ncha. Chupa ilikauka asubuhi, nyingine ingefika baada ya wiki mbili. Wino mwingine haukuruhusiwa, kwani mwaka jana waajiri walirudisha vyeti vya rangi mbili wakidhani vimeghushiwa. Na saa kumi mkuu wa chuo angesaini vya mwisho, kisha asafiri.

Kando ya karatasi tupu ya mama huyo kilibaki cheti kingine kisicho na jina. Cha Dada Mwandiko mwenyewe. Naye alihitimu mwaka huu, akajiweka mwisho kwa adabu, na kesho alitakiwa nacho kwenye usaili wa kiwanda cha nguo.

Alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Kalamu nyingine yoyote ingemwezesha kusema wino umekwisha. Lakini mgeni naye alikuwa ameikodolea macho.

"Huo unatosha watu wangapi, dada?"

"Mmoja."

"Na hicho cha pembeni?"

"Changu."

Mgeni akajikuna shingo. Alisema cheti cha mke wake kinatakiwa kazini Jumatatu, lakini aliyetangulia ametangulia. Jiandikie wewe, sisi tutajua la kufanya. Akageuka kwenda mlangoni.

Dada Mwandiko alikitazama cheti chake. Sasa nani angemlaumu?

"Rudi, kaka. Nilishasema nitamwandikia."

Majina yalikuwa matatu, marefu. Wote wawili waliutazama wino ukishuka, herufi kwa herufi, wakibana pumzi. Mkia wa herufi ya mwisho ulitoka mwembamba kama unywele, lakini ulitoka. Akaupuliza ukauke, akamkabidhi mgeni cheti kwa mikono miwili, akamwelekeza chumba cha mkuu: mwisho wa ukumbi, na akimbie.