Kuziba Moto

“Usifungue!” Swaumu aliuweka mkono wake juu ya wayo wa mumewe, akamkazia macho mganga msaidizi. “Kidonda kimefunga. Nimekiziba mwenyewe.”

Kilikuwa kimefunga kweli. Mumewe, Hemedi, alidungwa na kisiki katika shamba la kijiji, kule nyuma ya Soga, na Swaumu akafanya alichokijua. Yeye mchoma mkaa. Tanuri likitoboka huulizi. Unakanda udongo na jivu, unaziba, moshi unanyamaza. Wayo akauziba vivyo hivyo. Ngozi ikashikana, ikakauka, wakacheka. Kisha Hemedi akaanza kutetemeka juani, na leo trekta la kijiji limewaleta hospitali ya Kibaha, macho yake ya njano, anahema kama aliyekimbizwa.

“Mama, uchafu uko ndani,” alisema mganga, jina lake Anselmi. “Umeingia kwenye damu.”

“Kidonda kiko mguuni. Macho yanahusu nini? Na mkojo? Tangu jana hajakojoa.”

Anselmi akavuta kigoda. “Damu ina askari wake. Adui akiingia, wanampiga. Ila hawa wa mumeo wameamka wote kwa pamoja, wamepagawa, wanapiga hata wenye nyumba. Figo zinapigwa. Ini. Mapafu.”

“Askari wake mwenyewe?”

“Wake mwenyewe.”

“Sasa mimi nimlaani nani?”

Mama mkwe wake, Bi Mwanajuma, aliyeketi sakafuni, akaguna. “Mgambo wanachoma kijiji chao! Makubwa haya. Swaumu, usikubali. Kidonda kilichopona hakitiwi kisu.”

Hemedi akafumbua macho. “Shikamoo, mama,” alimwambia mkewe, kwa adabu ambayo hajawahi kumpa nyumbani. “Umemwona mke wangu? Tanuri linawaka.”

“Marahaba,” alijibu Swaumu, maana hakujua lingine la kujibu.

Tanuri lenye moto halifunguliwi: upepo ukiingia, miali inaruka, magogo yote yanakuwa jivu. Hilo alilijua kwa nyusi zake zilizowahi kuungua. Lakini alilijua pia tanuri lililotulia juu, kumbe moto unatembea chini kwa chini, unakula mkaa; ukipanda kulikagua, unadidimia hadi kiunoni. Huyu mume wake ni tanuri lipi?

Alibonyeza wayo. Ngozi ikazama, kama udongo wenye utupu chini yake.

Akaondoa mkono. “Fungua.”

“Swaumu! Akifa mwanangu...”

“Mama, mshike kichwa.”

Kisu kiligusa tu. Usaha ukaruka, na Bi Mwanajuma akageuzia uso ukutani. Anselmi alisafisha, akachoma sindano, akatundika chupa ya maji juu ya kitanda. Nyingine, tupu, akaiweka chini, mpira wa mkojo ukiishia ndani yake.

“Figo zikiamka, utaziona humu.”

“Zisipoamka?”

Anselmi akanawa mikono, akanawa tena.

Huko Soga tanuri la Swaumu halikuwa na mtu. Pengine limetoboka. Alichuchumaa mbele ya chupa, kama anavyochuchumaa kusoma moshi. Ndani ya mpira kitu cheusi, cheusi kama chai iliyochemka mno jikoni, kilisogea kidogo, kikasimama. Hakujua kama kinakuja au kinarudi.

Akabana pumzi, asije akakipuliza.