Mlima wa Papa Asumani

Kisangani hakuna mlima. Anayebisha na atembee kutoka Simi-Simi hadi maporomoko ya mto, kisha aseme goti lake limempigia kelele wapi. Lakini Asumani, mshonaji wa Kabondo, alikuwa na mlima wake, na kwa miaka ishirini aliupanda kila jioni mbele ya wateja: jinsi alivyombebea Mzungu mizigo hadi kwenye theluji huko mashariki, jinsi alivyowatafutia wapagazi maji na mahali pa kulala wakati wote wamekata tamaa.

Ukweli ni kwamba alifika chini ya mlima, homa ikamshika, akaachwa kulinda masufuria ya mpishi kwa siku tisa. Maji na kambi alivisikia tu kwa wapagazi waliokuwa wakishuka. Mkewe Zaina aliujua ukweli huo na aliutunza, maana uongo wa mume ni kama tundu la suruali yake, hulitangazi barabarani.

Mwezi Novemba mwaka 1964 waasi walikuwa wameushika mji kwa miezi mitatu na ushee. Jafari, kaka mkubwa wa Asumani, karani, walikuwa wamemfungia katika ghala la pamba kwa kosa la kuvaa miwani na kuwa na kalamu mfukoni. Kila siku Asumani alipeleka chakula mlangoni, na kila siku alirudi akijiuliza kama kesho atakuwepo wa kukila.

Basi siku moja kamanda wa ghala, Kanali Wenceslas, zamani fundi baiskeli wa Bengamisa, akaingia kwenye duka la kushonea na wapiganaji watatu.

"Papa Asumani, wewe iko mutu ya milima?"

Asumani akatazama cherehani yake. Cherehani haikumsaidia. "Ndiyo, mon colonel."

"Bon. Nimesikia kwa redio: mapinduzi yote ya kweli inashukaka toka mulimani. Sisi tuliingia muji kwa barabara, miguu chini, sawa watu ya soko. Donc, tuliingia mubaya. Tutapanda mulima, tutalala kule, kesho tutashuka. Utatupeleka."

Zaina, aliyekuwa nyuma ya pazia, akashika kichwa.

"Na yaya yangu Jafari?" Asumani akauliza.

Kanali akatoa mfukoni karatasi ya kumwachilia Jafari, imeandikwa tayari, inakosa sahihi na mhuri tu. "Hii nitasaini juu ya mulima. Kama hakuna mulima, utaingia ghala na yeye, na mambo yenu itaisha siku moja."

Walipotoka, Zaina alimfungia mihogo na kumwambia, "Ulimi yako ilipanda kule peke yake. Leo enda uishushe." Kisha akalia, na Asumani naye akalia, kwa maana alimpenda kaka yake kupita mlima wowote.

Waliondoka asubuhi kwa njia ya Bengamisa, kisha wakaingia msituni. Kila mpiganaji alibeba bati kichwani. Waasi walikuwa wamechanjwa dawa ya kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na masharti yake, ambayo Kanali aliyataja njiani: mvua isiwapige, maji yaliyochotwa na mwanamke wasinywe, na mpiganaji hageuki nyuma wala harudi alikopita, hata shingo isijaribu.

Saa nne walipita chemchemi nzuri kwenye miti ya miwale, maji meupe yanatoka chini ya jiwe. "Tujaze hapa," alisema Asumani, kama alivyowasikia wapagazi. "Mlimani unajaza maji unapoyaona, si unapoyataka."

"Mbele kuna mengine," alisema Kanali.

Mbele kulikuwa na kijiji chenye kisima, na kisimani wanawake wanane. Kikapitwa. Mchana mvua ikaja, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi. Wapiganaji wakachuchumaa chini ya mabati, maji yakiporomoka pande zote, na midomo yao imekauka. Asumani, ambaye hakuchanjwa dawa ya mtu, aliinua uso akafungua kinywa akanywa hadi akashiba. Hakuwahi kutazamwa kwa chuki namna ile maishani mwake.

"Basi kinga na kopo," alijaribu.

"Mvua katika kopo iko mvua," alisema Zacharie, mpiganaji mdogo kuliko wote, machozi yakimlengalenga.

Jioni wakapita mahali pa kulala pazuri: pameinuka kidogo, pakavu, hapana tawi bovu juu. Kanali akaona bado mapema. Walipochoka, akachagua bonde zuri laini, na Asumani akamwonyesha mstari mweusi unaotembea kwenye majani. "Hii ni barabara ya siafu, mon colonel."

"Siafu iko raia. Itatupisha."

Siafu hawakupisha. Giza lilipoingia watu wanne walikuwa wakicheza ngoma isiyo na mpigaji, wanavua nguo, wanatukana, na mabati yanalia. Pale pakavu palikuwa nyuma kwa mwendo wa kukojoa tu, lakini nyuma hakukuwepo tena duniani.

Zacharie akaketi chini. "Papa, nakufa na kiu."

Asumani alimhurumia. Chemchemi ya asubuhi alijua iko wapi. Akafikiria kama mshonaji: ukimpima mtu kiuno, utepe unaanza kitovuni, unakwenda mbele, mbele, mbele, na unafika kitovuni bila kugeuka hata mara moja.

"Mbele kuna maji," alisema. "Tufuate mkono wa kushoto, kidogokidogo."

Wakatembea saa nyingi, kushoto, kidogokidogo, hadi wakasikia vyura, kisha wakafika kwenye miwale, maji yanatoka chini ya jiwe. Wakalala kifudifudi wakanywa kama ng'ombe.

"Unaona?" Kanali alisema akifuta ndevu. "Nilikuambia mbele haikosakake maji."

Hapo ndipo Asumani alipojua cha kufanya. Wakati Wabelgiji walipotengeneza uwanja wa ndege wa Simi-Simi, yeye aliwashonea vibarua nguo za kazi, na udongo uliochimbwa ulirundikwa pembeni, lundo refu kama nyumba tatu, nyasi zikaota juu. Akawapeleka kushoto tena. Alfajiri ukungu ulikuwa mzito hata mtu haoni tumbo lake. Alipogusa udongo ule kwa mguu, hakupanda. Aliwazungusha pembeni mwake mara saba, mara moja akipanda hatua kumi, mara nyingine akishuka sita, hadi wote wakahema.

"Hewa imekuwa nyepesi," alinong'ona Zacharie.

"Bado baridi ya theluji," alisema Asumani kwa huruma.

Juu kabisa Kanali alisimama amefumba macho. Akatoa karatasi, akasaini, na chini ya sahihi akaandika: imefanyika mlimani. Akapiga mhuri juu ya goti lake. Asumani aliipokea kwa mikono miwili na kuificha ndani ya kofia.

Ndipo ndege zikanguruma. Ukungu ukapasuka, wakaona uwanja, mapipa yaliyowekwa njiani kuzuia ndege zisitue, mapaa ya mji mbali. Na angani, mamia kwa mamia, miavuli meupe na askari Wazungu chini yake.

Kanali aliitazama, ameumia moyo kweli. "Lakini sisi ndio tulikuwa tushuke," alisema. "Wale wanatoka mulima gani?"

Risasi zikaanza. Wapiganaji wakatupa mabati, wakakimbia mbele, na hakuna aliyegeuka kuona kama kiongozi wa safari anawafuata. Asumani aliishukuru sheria ile kwa mara ya kwanza, akateremka upande wa pili.

Alifika ghalani akiwa hana pumzi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Walinzi walikuwa wametoweka, wafungwa wengine wameondoka. Ndani, juu ya gunia la pamba, Jafari aliketi peke yake, tai shingoni.

"Yaya! Toka!"

"Karatasi iko?" Jafari aliuliza. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Mwezi uliopita walifungua mulango hivi hivi. Wale walitoka bila karatasi, waliwaua pale kwa mufereji. Mimi bila karatasi sitoki."

Asumani akavua kofia. Jafari alivaa miwani iliyobaki kioo kimoja, akasoma, huku risasi zikilia mtaa wa pili.

"'Mulimani,'" alisema. "Mulima gani, Asumani?"

Na Asumani, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kushindwa na swali hilo, alishindwa. "Hakuna mulima, yaya. Hata ule wa theluji sikupanda. Nililinda sufuria."

"Najua," alisema Jafari, akiikunja karatasi mara nne. "Uliporudi ulinipa cheti yako toka kwa Muzungu nikusomee. Imeandikwa pale: mulinzi wa sufuria. Nilikusomea mupanda milima."

Akainuka juu ya gunia, akamshika mdogo wake mkono, wakatoka.