Mwanamke Aliyelaza Majani

Mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana Kunigunda hakutaka nimsindikize. Nikamwambia, "Hadithi umeitungia dukani kwangu, chini ya bati langu, ukinywa chai yangu. Tutakwenda wote." Bodaboda ikatupandisha mlimani, kijijini kwao, bahasha ya hadithi ameikumbatia kifuani.

Nina duka la vifaa vya shule Mbinga mjini. Kila Alhamisi, wateja wakipungua, wanawake hukaa nyuma ya rafu wakatunga na kusomeana. Kunigunda ametupita wote. Nasema bila wivu, au wivu kidogo tu. Jumamosi alikuwa asome mbele ya watu, ukumbi wa parokia. Lakini mteja mmoja alimsikia akifanya mazoezi, akaibeba habari mpaka mlimani, na huko ikafika imetiwa chumvi: Kunigunda anamtangaza mumewe.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwanamume anateremka ziwani kununua usipa, wale dagaa wa huko, anapata mwanamke mwingine, miezi inapita harudi. Wakati wa kupanda unakaribia. Kwa Wamatengo shamba la ngolo, yale mashimo ya mteremkoni, lina kazi mbili: mwanamume hulaza majani kwa miraba, mwanamke huyafukia kwa udongo. Mke huyu analaza majani mwenyewe, mchana kweupe, kijiji kikitazama. Sasa Hyasinti, mume wa Kunigunda, naye huchuuza usipa. Mwanamume mtulivu, hana makuu, lakini nani angesikia?

Mzee Vitalis, baba mkwe wa Kunigunda, alimwita kwenye sengu, kikao ambamo wanaume wa ukoo hula pamoja na kukata mashauri. Wanawake huleta chakula na kuondoka zao.

"Shikamoo baba," tulisema.

"Marahaba." Hakutupa pa kukaa. Alionyesha moto uliokuwa ukiwaka katikati yao. "Hizo karatasi zinaungua leo. Jumamosi huendi. Na ukiandika tena, urudi kwa baba yako, watoto uwaache hapa."

Kunigunda alishika mkono wangu. Nilimtazama Hyasinti, alikuwa anachokonoa kucha. Nilitamani kumzaba kibao.

"Hyasinti, si useme!"

"Mama, hapa wewe ni mgeni," mzee akanikata. Alisema kweli.

Kunigunda alisema, "Baba, hamjaisikia. Mnahukumu kitu msichokijua."

Mzee alizinyooshea karatasi kidole. "Haya, soma. Tujue tunachochoma."

Akasoma. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, wakaguna, mmoja akacheka kwa dharau. Alipofika pale mke ameinama na majani, majirani wanapita na kujifanya hawamwoni, bakuli likaanguka nyuma yetu. Mama Gertruda, mama mkwe, alikuwa ameleta mboga na hakuondoka.

"Nani alikwambia habari zangu?"

"Mama?"

"Mwaka ule baba yenu alipokuwa Chiwanda, kule ziwani. Nililaza majani mimi, na Hyasinti yumo tumboni. Sijawahi kuisimulia. Nani alikwambia?"

"Hakuna, mama. Nilitunga tu."

Mzee Vitalis alikuwa amekwisha kunyoosha mkono apokee karatasi, na mkono ukabaki hewani. Mtu mzima akiumbuliwa mbele ya wanawe, hujui atafanya nini.

Mama Gertruda hakumjali. "Na huyo mke wa hadithi yako, mume aliporudi, alimfungulia mlango?"

"Iko mbele, mama."

Hyasinti akanyanyuka ghafla. Nilijua sasa anakwenda kumnyang'anya, nikajiweka mbele ya Kunigunda. Akanipita. Alichukua kigoda chake mwenyewe akamwekea mama yake, akavuta kingine akamwekea mkewe. "Kaeni," alisema. Katika sengu, wanawake wakae! Baba wakubwa na baba wadogo wakamgeukia mzee, wakingoja amfukuze.

Kunigunda alikaa, lakini hakugeuza ukurasa. Na yeye alikuwa anamngoja mzee.

Mzee Vitalis alishusha mkono. Alikuwa akitazama moto, si mkewe.

"Soma," alisema. "Mimi nilifunguliwa mlango. Mpaka leo sijauliza kwa nini."

Kunigunda akageuza ukurasa.