Sala Baada ya Sahani ya Kwanza

Mimi nina hoteli Voi, karibu na stage ya matatu, na kwangu chakula kinaonekana. Ukiitisha nyama ya karanga na chapati, sahani inafika imejaa mpaka mchuzi unatafuta njia ya kutokea. Kwa hivyo mtaelewa nilivyojisikia siku ndugu yangu Kituku aliponionyesha sahani nyeupe, pana kama usukani wa lori, na katikati yake kimanga cha ukubwa wa yai.

"Hii ni ya kuonja?" nikamuuliza.

"Hii ndiyo sahani ya kwanza, dada Tryphena."

"Na chakula kiko wapi?"

"Kinakuja. Ziko sahani tano. Katikati yake mtu anangoja. Kungoja ni sehemu ya chakula."

Kungoja ni sehemu ya chakula! Hebu niende nikamwambie hivyo dereva wa trela anayetoka Mombasa na njaa yake. Na kimanga, kwa asiyekijua, ni maharagwe na viazi vitamu vilivyopondwa pamoja. Sisi Wataita tumelelewa nacho, na kinapakuliwa kwa mwiko. Yeye alikipakua kwa kijiko cha chai, akakiwekea jani moja juu, akarudi nyuma kukiangalia kama fundi aliyemaliza nyumba.

Kituku ndiye kitinda mimba wetu. Alikuwa Italia miaka mingi, kwenye milima ya sehemu inaitwa Abruzzo, akipika katika mkahawa wa bibi mmoja, Assunta. Anasema watu wanatoka mjini na magari yao, wanapanda kona baada ya kona mpaka kijijini, wanaketi kula yaliyolimwa pale pale, na wanainuka jua likitua. Basi akarudi nyumbani Mwanda na wazo lake. Milima tunayo, akasema. Ukungu tunao, maharagwe tunayo, kuku wanatembea wenyewe. Kwa nini watu wa Voi wasipande huku wale? Akageuza ghala la marehemu baba kuwa jiko, akachongesha meza moja ndefu ya mbao, akaiweka nje chini ya mabati, mahali unapoona mbuga yote ya Tsavo imelala kule chini.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka tu. Lakini alinivuta kando akaniambia jambo ambalo Mama hakulijua. "Najaribu Jumapili hii, dada. Watu wa kwetu wakikikataa chakula changu, narudi kwa Assunta. Nafasi yangu bado iko."

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Mama amezeeka. Hajawahi kulalamika juu ya mtoto wake kukaa mbali. Ukimtajia tu safari za Kituku, anavuta ungo anaanza kuchambua maharagwe, hata yaliyokwisha kuchambuliwa. Nilitaka ndugu yangu abaki, basi. Hata kama ni kwa vijiko vya chai.

Jumapili ikafika, na baada ya kanisa wageni wakaja. Alikuwepo Mchungaji Crispus, ambaye ndiye aliyembatiza Kituku. Alikuwepo mzee Oduor, mstaafu wa reli na mteja wangu wa kila siku, aliyepanda kutoka Voi na mkewe Ajiambo. "Sijanywa hata chai," akaniambia akijipiga tumbo. "Nimeacha nafasi." Majirani wakajaza viti vilivyobaki. Mama akakaa mwisho wa meza na kitambaa chake cha kanisani, akitabasamu kwa kila mtu. Mchungaji akaombea chakula, na mimi nikaanza kugawa sahani.

Haki ya Mungu, sijawahi kuona aibu vile. Nilipomwekea mzee Oduor sahani yake, aliinua lile jani kuangalia kama kuna kitu chini. Hakikuwepo. Akanitazama. Nikakimbilia jikoni.

"Wamefurahi?" Kituku akauliza. Alikuwa anakata tambi kwa mkono, moja moja, taratibu.

"Fanya haraka, wewe!"

"Pole pole, dada. Wacha waongee kwanza. Assunta anasema mgeni akishaanza kuongea na jirani yake, ndipo unapeleka sahani ya pili."

Tukasikiliza. Ni kweli, waliongea kidogo, habari za mvua na za barabara. Kisha wakanyamaza. Mtu akakohoa. Halafu ikasikika sauti ya mchungaji: "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa ulivyotulisha. Tunakushukuru kwa vikubwa, na hata kwa vidogo..."

"Wanaomba tena?" Kituku akatabasamu. "Watu wa kwetu wana imani."

"Kituku! Hiyo ni sala ya kufunga!"

Alikuwa amesahau. Miaka ile yote ya ugenini ilikuwa imemsahaulisha kwamba kwetu chakula kinafungwa kwa sala, na kikishafungwa, kimefungwa. Nje wakaitika "Amina," na viti vikaanza kukwaruza sakafu.

Nilipotoka, Mama alikuwa anapitisha maji ya kunawa, uso ameuinamisha.

"Mama, mbona umewaacha wafunge?"

"Ningefanyaje, mwanangu? Sahani zimeisha, watu wanaangaliana. Mchungaji akaniuliza kama tufunge. Nikaona heri tuimalize aibu mapema."

Mzee Oduor akanipa mkono, mpole kama mtu anayetoka matangani. "Chakula kilikuwa kitamu sana, Tryphena. Sasa tukifika Voi tutapitia kwako, tule." Wakashuka wote kwa njia ya chini, katikati ya migomba, wakiongea kwa sauti ya chini jinsi watu wanavyoongea wakiwa na njaa na adabu kwa wakati mmoja.

Jikoni, Kituku alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, uso ameufunika kwa aproni.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Kesho nampigia Assunta."

Ai! Damu ikanipanda. "Sikiliza, wewe mtoto! Umewaita watu kwetu, umewatoa kanisani na njaa, umewapa kijiko kimoja, na sasa ni wewe unayelia? Niambie kitu kimoja. Huko kwa Assunta, nyinyi wapishi mlikuwa mnakula nini? Na usiniambie ni sahani tano, maana nitakupiga na huu mwiko."

Akatoa aproni usoni. "Sisi? Jumatatu, mkahawa ukifungwa, Assunta alikuwa anapika ugali. Wanauita polenta. Akishaupika anaumwaga mezani."

"Anaumwaga?"

"Juu ya meza yenyewe, bila sahani. Katikati anaweka nyama na mchuzi. Kila mtu anaanza mbele yake, anakula akielekea katikati mpaka aifikie nyama." Akapangusa pua. "Lakini hiyo si ya wageni, dada. Hiyo ni ya watu wa nyumbani."

"Na hawa ni watu wa wapi?"

Nikaangalia jiko. Ile sufuria kubwa ya ugali ilikuwa motoni tangu asubuhi. Alikuwa ameupika ili ukipoa aukate vipande vidogo kama viberiti, avikaange, viwe sahani ya nne. Kuku watatu wa kienyeji walikuwa wanatokota ndani ya nyanya pembeni. Chakula cha kulisha ukoo mzima kilikuwa kimefichwa mle ndani kikingoja zamu!

"Futa meza," nikamwambia, na nikatoka mbio.

Mimi si mwembamba na njia ya Mwanda si ya mchezo, lakini siku hiyo nilishuka. "Mchungaji! Wee mchungaji Crispus! Rudi! Hiyo sala imekuja mapema!"

Wakasimama. Mchungaji akageuka, uso wa mtu asiyejua kama ameitiwa ugomvi au mgonjwa. "Lakini tumeshafunga, dada."

"Fungua tena! Mungu ataelewa, yeye ndiye aliyeumba matumbo. Mzee Oduor, iko kuku."

Mzee Oduor hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alinipita nikiwa bado nahema.

Tulipofika juu, Kituku alikuwa ameshaifuta meza mara tatu. Tukaishika sufuria, yeye huku na mimi huku, tukaimwaga. Ugali ukatambaa, wa manjano, moshi ukipanda, ukafika karibu na kila kiti ukasimama. Katikati Kituku akaweka wale kuku wote na mchuzi wao mwekundu.

"Umelegea," mzee Oduor akasema akiutazama ugali kwa huzuni ya kweli.

"Ndivyo ulivyo, mzee," Kituku akajibu. "Kula kutoka mbele yako. Hakuna kuruka. Nyama unaifikia ukishamaliza njia yako."

"Bila sahani?"

"Bila sahani."

Akakunja mikono ya shati. "Hiyo sasa ni lugha ninayoisikia."

Ndugu zanguni, mlipaswa kuwepo. Watu wazima walichimba barabara! Ajiambo alimpita mumewe mapema, akafika kwenye paja la kuku, akampungia nalo. Majirani wawili walikutana njiani wakaanza kugombania mpaka. Mchungaji alinyoosha mkono kuchukua kipapatio kabla ya kufika, na meza nzima ikampigia kelele mpaka akakirudisha. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kukaa, na nikala, na ninasema wazi kwamba ule mchuzi ni mtamu kushinda wangu, ingawa mkifika hotelini kwangu nitakana.

Kituku peke yake hakukaa. Alisimama mlangoni pa jiko akiangalia, mikono ndani ya aproni. Sikuweza kuusoma uso wake, wala sikujua kama kesho bado angempigia Assunta.

Ugali ukaisha, isipokuwa mahali pamoja. Pale mwisho, kando ya Mama, palibaki kipande kizima kimesimama kama ukuta, na mbele yake firigisi moja. Mchungaji, ambaye njia yake ilikuwa imekwisha, akaanza kuisogelea kwa vidole viwili kama mtu asiye na nia mbaya. Mama alikuwa ameshika ule mwiko wa jikoni. Akampiga nao mkononi, pah! Mchungaji mzima!

"Mchungaji," Mama akasema, "hapo pana mtu."

"Nani, Mama? Kiti kitupu."

"Ni cha Kituku. Miaka yote aliyokuwa huko nilikuwa nampakulia kila nikipika, halafu nawapa kuku." Alisema hivyo bila kumtazama yeyote, mkono wake ukiusawazisha ukingo wa ule ugali. "Leo siwapi kuku."

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, nakuja nyumbani kila wiki, na sikuwahi kujua. Machozi yalinitoka, sikuyapangusa.

Kituku alivua aproni akaiangika msumarini. Akaja akaketi kando ya Mama, akakata ugali kwa mkono, akauchovya, akala. Alikula akiinamisha kichwa, pole pole, na mara hii hakuna aliyeona kungoja kuna ubaya. Alipofika kwenye firigisi, aliigawa mara mbili, nusu akamtilia Mama mdomoni.

Mchungaji Crispus akasimama, akafunga mikono, akafumba macho. "Tuombe..."

"Ngoja!" meza nzima ikapiga kelele.

Mama akamgeukia mtoto wake. "Kituku, kwanza niambie. Imebaki sahani ingine?"

"Zile tambi bado ziko, Mama."

"Zilete. Na Jumapili ijayo utatupikia nini?"

Nikaacha kutafuna. Kituku alinitazama mimi kwanza, kisha Mama.

"Jumapili ijayo ni kimanga," akasema. "Kwa mwiko."