Mikono ya Ebla

Mtaa mzima wa Bulla Pesa, pale Isiolo, ulijua mikono ya Ebla. Mgongo ukikwama, tumbo likifunga, watu walimwendea yeye na kopo lake la samli, na wengi walirudi kwao wakicheka. Kwa hiyo binti yake Amino alipoanza kushikwa na kile kitu, mwaka wa themanini na nne, nani mwingine angeitwa?

Kilikuja bila hodi. Amino alikuwa akipepeta mchele, mara midomo inampauka, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio, naye anashika ukuta. "Hooyo," humwambia mama yake, "nakufa." Homa hana, malaria hana. Ilikuwa hofu tupu, haina sababu wala mwenyewe. Ebla alimlaza mkekani akamkanda tumbo, na kila alipofinya chini ya mbavu za kushoto, Amino alitetemeka na kupiga yowe. Ebla akaridhika. Aliona amelifikia jini pale pale lilipojificha, akafinya zaidi.

Mwishowe Roble, mume wa Amino, aliwapakia wote wawili kwenye lori lake akawapeleka Nairobi. Huko walipima damu na mkojo, wakapiga na picha. Kisha Daktari Githae akawaita.

"Mama, juu ya figo kuna tezi ndogo," alimwambia Ebla. "Ya huyu imeota uvimbe. Hiyo uvimbe ndiyo inamwaga hii hofu kwa damu. Mtu akiifinya, inamwaga yote mara moja. Presha inaruka, moyo inaweza kusimama. Kuna mtu amekuwa akimkanda?"

Ebla aliiingiza mikono yake ndani ya mtandio. Aliyejibu ni Amino: "Hapana, daktari."

Walirudi Isiolo na vidonge vya kuishusha presha kwanza, ndipo apasuliwe. Tangu hapo Ebla alimwogopa binti yake kama mtu anavyoogopa yai mkononi. Hata kumsuka nywele aliacha.

Asubuhi ya safari ya kwenda kupasuliwa, lori likinguruma nje, Amino alijikunja mkekani.

"Hooyo, nikande kidogo tu. Tumbo inaniuma sana."

Tangu azaliwe, Ebla hakuwahi kumnyima mikono. Aliikalia. Ndiyo, aliikalia kabisa, machozi yakimshuka, mpaka Roble akaja kumbeba mkewe.

Hakupanda lori. Alibaki na swali lililomnyima chakula: huyo daktari naye si ana mikono? Atautoaje uvimbe bila kuushika? Kila gari lililoteremka kutoka upande wa Nanyuki lilimkata maini.

Siku Roble aliporudi, alikuwa peke yake. Alisimama mlangoni akavua kofia. Ebla alichungulia nyuma yake, kwenye lori.

"Yuko hai, mama, bado wamemlaza huko," Roble akawahi kusema. "Walipasua hapa ubavuni. Presha iliruka mara moja, wakaogopa hata wao. Lakini daktari alifunga mshipa ya hiyo uvimbe kwanza, ndio akaitoa."

Amino alirudi amekonda, kovu refu likimzunguka ubavu. Alicheka, alikula, aliwatania majirani. Kile kitu hakikurudi tena. Mvua zilipopita, alitandika mkeka mwenyewe akalala kifudifudi.

"Hooyo, mgongo imekwama. Nikande. Daktari alisema sasa iko sawa."

Ebla alichota samli, akaipasha katikati ya viganja. Mikono ikafika juu ya ngozi ya mwanawe, ikasimama pale. Amino aligeuka, akaushika mmoja na kuuweka kwenye kovu. Chini ya kiganja, moyo wa Amino ulipiga taratibu. Uliokuwa unakwenda mbio ni wa Ebla, na jasho lilikuwa lake, na midomo iliyopauka ilikuwa yake.

"Kesho," alisema, akaufuta mkono kwenye mtandio.

Na kesho yake akasema hivyo hivyo. Ile samli ya kopo, mwishowe, waliipikia wali.