Masira ya Mama Marcelline

Nimekunywa pombe katika miji mingi, zingine za chupa zenye majina mazuri. Lakini kasiksi ya Mama Marcelline, pale Goma, sijaipata tena popote. Ilikuwa pombe ya ndizi, nzito kama ukungu wa asubuhi juu ya Kivu. Ukitia kidole hukioni. Kabla hujanywa, pua imeshakula marakuja, yale matunda ya pasheni, na wala hakutia marakuja hata moja. Ndizi mbivu tu, mtama uliokaangwa, na masira.

Masira ni yale mazito yanayobaki chini ya mtungi. Humo ndimo chachu inamolala. Kila akimaliza kuuza aliacha kidogo, akayamwagia maji mapya ya ndizi. Alitoka nayo Butembo kwa mama yake, siku alipoolewa.

Mwaka mlima wa moto ulipopasuka, mimi nilikuwa mpangaji wake, nafanya kazi ya malori. Moto ukashuka hadi mjini, tukakimbilia kambi ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Watu walibeba magodoro. Yeye alibeba mtungi wa masira kichwani. Huko kambini binti yake Kahindo akaona masira yanakauka. Akayaongezea maji ya tangi la msaada, yale yenye klorini ya kuzuia kolera.

"Nilisikia huruma, mama. Yalikuwa na kiu."

Chachu ikafa yote.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya mawe, na mawe bado yana joto. Marcelline akasimamisha kibanda cha mbao juu yake, akakamua ndizi. Akatia levire, ile chachu ya mikate ya kopo. Donat, fundi wa nguo, mteja wake wa siku zote, akaonja akakunja uso.

"Mama, hii ni kasiksi ao umetuchemshia mukate?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akajaribu mtama peke yake, bila chachu ya zamani, ikageuka siki. Kwenda Butembo kwa mama yake kuchukua mengine haikuwezekana: kule walitawala waasi wengine, huku wengine, na njia imefungwa katikati.

"Masira yako yako Rutshuru," nikamwambia.

Alijua. Mukamazimpaka, jirani yetu wa zamani, alihamia Rutshuru baada ya Marcelline kumwita mwizi mbele ya watu, eti amechota masira yake kwa siri. Hawakusalimiana tena.

"Nife kwanza, Sikuli."

Hakufa. Pombe ilipoharibika ikamwagwa tena, akajifunga kitenge, akachukua mtungi mtupu, tukapanda lori.

Mukamazimpaka tulimkuta uani anakaanga mtama. Hakuinuka.

"Karibu, Mama Kahindo. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuomba chachu."

"Chachu gani? Mimi niko na ile ya kuiba tu."

Marcelline akaweka mtungi mtupu chini. "Yangu ilikufa. Hiyo yako ndiyo imebaki duniani."

"Kumbe mwizi naye anaombwaka?"

Harufu ya marakuja ilikuwa inatoka ndani ya nyumba, ile ile. Nilimwona Marcelline anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mukamazimpaka naye aliona. Akaipua sufuria, akachukua bidoni la maji.

"Mimi sikupi. Anayetoa ni mwenye mali, na wewe ulisemaka mali si yangu. Naenda mtoni. Mtungi uko nyuma ya mlango. Nikirudi nikute umepungua, nitapiga kelele Rutshuru yote isikie."

Akaenda polepole, bila kugeuka.

Marcelline alisimama kwanza, kama mtu aliyesahau njia. Kisha akaingia, akachota.

"Sikuli, tukimbie!"

Mama mzima na kitenge chake, anakimbia kati ya migomba, mtungi kifuani! Tulipofika barabarani, sauti ikapanda kutoka mtoni: "Mwizi! Mwiziii!" na kicheko kikaifuata.

Marcelline akageuka, akajaza pumzi.

"Sasa tuko wawili, mama!"