Zile Zinazoelea

Ukoo mzima ulimwita Daktari, na yeye hakuwahi kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kulisha seli za saratani katika maabara ya utafiti: kufungua kabati la joto asubuhi, kutoa visahani, kumwaga maji ya chakula ya jana na kutia mapya. Udaktari wake uliishia hapo. Lakini jina tamu, nani atalikataa?

Maabara yao ilikuwa na mazoea yake. Seli iliyong'ang'ania chini ya kisahani ilihesabiwa kuwa nzima. Inayoelea ni maiti, inamwagwa. Mkuu wake alipoagiza baadhi ya visahani vinyimwe chakula, asubuhi ya tatu seli zilikuwa zinaelea tele. Akamwaga, akaandika kwamba karibu zote zimekufa. Jioni akapitia kwa dada yake, ambaye mwezi uleule alikuwa amegunduliwa kuwa na uvimbe wa saratani kwenye titi.

"Dada, nimeziona kwa macho yangu. Ukizinyima chakula, zinakufa."

Dada yake alikuwa mshonaji, mbishi wa kubishana na wateja hadi juu ya vifungo, lakini kwa mdogo wake hakuwa na neno. Akaanza kula mara moja kwa siku, na siku nyingine maji matupu. Mumewe alipolalamika alinyamazishwa: Daktari amesema. Na kila jioni dada aliuliza kwa utani, "Leo zimekufa ngapi?"

"Zimekwisha," mdogo wake alijibu, na wote wawili wakacheka.

Ikapita miezi mitatu. Ijumaa moja simu ikalia: dada ameanguka kwenye cherehani. Kwa kiwewe, Daktari alitia chakula kipya kwenye chupa alimokusanyia zile zinazoelea, chupa ambayo angeimwaga, akaisukuma kabatini na kukimbilia hospitali.

Jumatatu aliitazama chupa ile kwa hadubini. Maiti zake zilikuwa zimeshika chini, zimetandaa kila pembe, zina afya kuliko yeye.

"Nani alikwambia zimekufa?" mkuu wake aliuliza.

"Ndivyo tunavyofanya siku zote. Zinazoelea tunamwaga."

"Seli ikikosa chakula hujitafuna. Inavunja vyombo vyake vilivyochakaa, inaishi kwa hivyohivyo. Si zote zinaweza. Zinazoweza ndizo ninazoziogopa, maana zinaweza kusafiri na damu mpaka zipate pa kushika." Akaifunga hadubini. "Umenimwagia utafiti wa miezi mitatu, mama."

Utafiti. Alitamani kumrushia ile chupa.

Mchana, hospitalini, daktari wa kweli alimwambia kuwa saratani ya dada yake imefika kwenye ini.

"Ni kwa sababu ya njaa?"

"Siwezi kusema. Huenda ingefika hata kama angekula. Ninachojua ni kwamba kwa uzito huu dawa siwezi kumpa. Itammaliza kabla ya ugonjwa."

Alisimama nje ya wodi, akijichukia, akiwachukia na wote waliompa lile jina. Alipoingia, dada yake alikuwa ameegemea mto, mikono juu ya shuka.

"Leo zimekufa ngapi?"

"Hazikufa, dada. Hazijawahi kufa. Nilikuwa namwaga zilizo hai."

"Zilikuwa zinakula nini?"

"Zilikuwa zinajitafuna zenyewe."

Dada aliutazama mkono wake. Pete ya ndoa ilikuwa imefungwa uzi wa cherehani isidondoke.

"Kumbe mimi nazo tulikuwa tunafanya kazi moja," alisema. "Ila zenyewe zinaijua."

"Nisamehe."

"Nipe mkate kwanza."

Mdogo wake akamega, akautia mkononi mwake. Dada alitafuna taratibu, akameza kwa shida, akatafuna tena. Tonge la tatu likamshinda, akalitema kwenye kiganja na kumrudishia.

"Shika, Daktari," alisema, akageukia ukutani.